Huu mchezo wa maneno mliorudisha kwenye TV ni vurugu tupu, nani aliwaambia Kiswahili ni Kiingereza kilichovaa kanzu?

Wakuu habari za usiku. Naandika nikiwa na hasira kwa hiyo mtanivumilia, wenye roho nyepesi pitieni uzi mwingine.

Kuna kituo kimoja cha TV hapa Kampala, sikitaji jina maana modereta atafuta uzi na mimi pesa ya wakili sina, kimetangaza kwa mbwembwe kwamba kinarudisha ule mchezo wa zamani wa gurudumu na bodi ya herufi, sasa kwa Kiswahili na eti kwa ajili ya kizazi cha sasa. Mimi nilifurahi wallahi. Watu wa rika langu tunaujua ule wa Wamarekani, Wheel of Fortune, uko hewani tangu 1975, Merv Griffin aliutoa kwenye mchezo wa watoto wa kubahatisha herufi huku wanachora mtu wa kitanzi. Unazungusha gurudumu, unataja konsonanti, ikiwepo unalipwa kwa kila mahali ilipotokea, irabu unainunua kwa dola 250, ukilijua fumbo unalisema, basi. Hata mtoto wa P3 ukimkalisha hapo anaelewa kabla matangazo hayajaanza.

Sasa hawa ndugu zetu wamechukua sheria zote vile vile zilivyo, wakabadilisha dola kuwa shilingi, wakaweka maneno ya Kiswahili juu ya bodi wakadhani kazi imeisha. Banange!

Sikilizeni nilichokiona. Fumbo la kwanza lilikuwa methali, HABA NA HABA HUJAZA KIBABA. Herufi 22. Kijana wa kwanza akanunua A kwa bei ya kutupa, bodi ikawaka kama mti wa Krismasi, A tisa! Tisa kati ya 22! Watu wote studio wakaanza kucheka na kulisema jibu kwa sauti, prezenta anawaambia nyamazeni, wanyamaze vipi wakati methali wanaiona? Kwa Kiingereza kununua irabu kuna maumivu, unatoa pesa unapata E mbili au hupati kitu kabisa, ndiyo maana ina bei. Kiswahili chetu karibu kila silabi inaishia na irabu, nusu ya bodi ni irabu, halafu unaiuza A kwa bei ya rolex mbili (zile chapati za mayai) za Wandegeya, huo ni mchezo au ni sadaka?

Hapo sijafika kwenye CH.

Alikuwepo mama mmoja wa makamo, mwalimu kutoka Arua, Kiswahili chake kimenyooka mpaka unatamani aendelee kuongea tu. Fumbo lilikuwa CHAKULA CHA MCHANA. Mama akasema kwa adabu, naomba CH. Prezenta akacheka, "Anti, hizo ni mbili, hapa tunachukua moja moja!" kengele ikalia, zamu ikapita. Mama wa watu akabaki anaangalia bodi. Kijana wa pembeni yake akasema C, zikafunguka tatu, akalipwa mara tatu. Zamu bado yake, akazungusha tena, akasema H, ambayo kila mtu aliyesoma madarasa matatu anajua ipo wapi kwa sababu kwenye Kiswahili C haitembei bila H, zikafunguka tatu, akalipwa mara tatu tena. Kalipwa mara mbili kwa sauti moja, na aliyeijua sauti yenyewe kafukuzwa zamu! Na hapo hakuna mtu hata mmoja wa uzalishaji aliyesimama akasema ngojeni kwanza, hapa pana shida.

Na orodha yao ya herufi pale chini ya skrini bado ina Q na X. Za nini? Mtu akibonyezwa na presha akataja X anapoteza zamu kwa herufi ambayo haiwezi kutokea hata tukikesha.

Raundi ya mwisho ndiyo kichekesho kabisa. Wamarekani tangu 1988 wanampa mshindi herufi za bure R, S, T, L, N na E, kwa sababu hizo ndizo zinazojaa kwenye maneno ya Kiingereza, na hapo walishaona kila mtu anachagua hizo hizo wakasema haya chukueni bure, ongezeni konsonanti tatu na irabu moja, mna sekunde kumi. Akili hiyo. Hawa wetu wamezibandika hizo hizo R S T L N E kwenye Kiswahili! Fumbo la fainali likawa WIKI IJAYO. Hesabuni wenyewe. Haikufunguka hata moja, bodi nyeupe pee, prezenta anasema "ooh fumbo gumu leo", fumbo gumu wapi, mzee, ninyi ndio hamjui K iko wapi.

Wakijitetea wanasema wanataka mchezo uende na wakati. Nani amekataa? Ile bodi ya kule ilikuwa ya kugeuza kwa mkono, 1997 wakaweka za skrini, Vanna White, yule dada wa bodi, akawa anagusa tu badala ya kugeuza, hakuna aliyelia. Pat Sajak aliongoza miaka arobaini na kitu akaondoka 2024, kaja Ryan Seacrest, na fumbo bado linakuja palepale mwanzoni mwa kipindi. Sisi huku nusu saa ya kwanza ni tiktoka anaulizwa kuhusu mpenzi wake. Na sisemi masuperstaa wasije, mchezo wa Password tangu 1961 unamweka mtu maarufu na mtu wa kawaida timu moja, uliporudi 2022 wakafanya hivyo hivyo, lakini maarufu akifika pale anafanya kazi, anatoa neno moja mwenzake abahatishe. Wetu anakuja kuuza singo.

Halafu ile hoja kwamba vijana hawapendi maneno, hiyo naomba muiache. Mwisho wa 2021 mtu mmoja, Josh Wardle, alikuwa na kamchezo ka neno la herufi tano kwenye intaneti, Wordle, hakana muziki, hakana taa, hakana prezenta, unabahatisha mara sita kwa siku moja basi, na Januari 2022 New York Times wakakanunua. Ndani ya taksi za kwenda Ntinda nimeona watoto wa chuo wanabishana juu ya kile kisanduku cha njano, kinachosema herufi ipo ila si mahali pake. Hao ndio kizazi cha sasa mnachokisema, wapeni neno.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba watu wa kuwauliza tunao. Makerere pale Kiswahili kinafundishwa, Kyambogo kinafundishwa, na ile kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki yenyewe ilikuwa na makao Makerere miaka ya 1950 kabla haijahamia pwani. Baraza la mawaziri Julai 2022 limesema Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni kwa lazima. Waingereza kwenye Countdown, kipindi cha kwanza kabisa kurushwa na Channel 4 mwaka 1982, na wao waliutoa kwa Wafaransa, wana kona nzima ya mtu wa kamusi, Susie Dent amekaa hapo tangu 1992, mshiriki akitoa neno la ajabu anaulizwa yeye. Na zawadi yao maarufu ni birika la chai! Birika! Watu wanagombania birika miaka yote hiyo kwa sababu mchezo wenyewe ni mtamu. Sisi tuna milioni mezani na hakuna hata mtu mmoja wa kusema NG' ni herufi gani.

Ndiyo, NG'. Hapo ndipo waliponigusa mimi binafsi. Kuna kipengele cha watazamaji, unatuma jibu kwa meseji, shilingi 500. Fumbo lilikuwa la mtu wa mifugo, nikatuma "mchunga ng'ombe", nikakatwa 500, jibu likarudi: samahani jibu lako si sahihi, jaribu tena. Kwenye bodi wakafungua MCHUNGA NGOMBE. Bila ritifaa, ile alama ya juu! Mashine yao haina alama hiyo kwa hiyo aliyeandika sawasawa amekosa na aliyeandika vibaya ameenda kwenye droo. Nikapiga ile namba ya huduma, dada akaniambia kwa upole kabisa, "Mzee, sistimu ndiyo inaamua." Sistimu ilizaliwa wapi, Busoga au Texas?

Mnataka nipendekeze, haya. CH, SH, TH, DH, GH, NY, NG' zihesabiwe herufi moja kila moja na zipewe kisanduku chake. Q na X toeni. Irabu ziwe bei ya juu kweli kweli, au bora zaidi mtu asiruhusiwe kununua A mpaka konsonanti tatu zimefunguka. Fainali toeni bure K, M, N na W, hapo mtu ana pa kuanzia. Na mumtafute mwalimu mmoja, hata huyo mama wa Arua mliyemfukuzia CH, akae pembeni na kamusi, mshahara wake hautafika robo ya mliyempa yule tiktoka.

NYONGEZA: naona komenti zinasema ni burudani tu mzee tulia. Burudani inayokata 500 kwa kila meseji? Na wewe wa Dar unayesema Waganda tungecheza kwa Luganda tuache Kiswahili chenu, rudi juu usome tena, aliyesema CH alikuwa Mganda na aliyemfukuza ni sheria ya Kimarekani.

Waliokatwa kwenye fumbo la ng'ombe kama mimi wekeni skrinishoti hapa chini, namba zenu zifuteni kwanza. Tukiwa wengi nazipeleka mwenyewe pale ofisini kwao Jumatatu asubuhi.