Brashi ya kontua: ya mshazari, bapa, au nibaki na sponji?

binti_temeke
Habari zenu wapendwa. Nataka brashi moja tu ya kontua, yaani ya kupaka kile kivuli kinachochonga mashavu, sitaki seti ya brashi 12 ambazo 9 zitaishia kukaa kwenye kikombe. Kariakoo nimeonyeshwa mbili. Moja nywele zake zimekatwa mshazari, laini, zinapepea. Nyingine fupi, bapa kichwani, nywele zimeshonana kiasi kwamba ukikandamiza hazizami. Muuzaji anasema zote orijino, basi hapo sina la kuuliza. Jumamosi ni sendofu ya dada yangu, na picha za shughuli iliyopita mashavu yalitoka kama nimepakwa masizi.

fundi_wa_maharusi
Kabla ya brashi, sema unapaka nini. Poda, chukua ya mshazari. Krimu, chukua ile fupi, na hakikisha ni nywele za sintetiki. Nywele za mbuzi zinashika poda vizuri sana, ila krimu zinaifyonza, unajikuta umeipaka brashi badala ya uso.

binti_temeke
Krimu, ile ya fimbo.

fundi_wa_maharusi
Basi bapa, mdogo wangu. Ila usiburute, gongagonga. Anzia juu ya tundu la sikio, elekea pembe ya mdomo, ukifika usawa wa mwisho wa jicho simama hapo hapo. Halafu gonga ukipandisha juu. Ukishusha, shavu linaonekana limening'inia.

tanga_kwetu
Hapo natofautiana na fundi. Kwa anayejifunza, sponji haina mpinzani. Iloweke ivimbe, ikamue mpaka isidondoshe tone, ndipo ugonge. Brashi bapa mkono ukiwa mzito inang'oa faundesheni ya chini, unabaki na mabaka. Ubaya wa sponji ni kwamba inakunywa krimu, na ukiifungia kwenye pochi ikiwa mbichi inaota ukungu. Yangu niliikata katikati siku moja nikakuta ndani madoa meusi. Nilikuwa naipitisha usoni kila asubuhi!

mweusi_tii
Mnahangaika na brashi wakati masizi hayaletwi na brashi. Ni rangi. Kontua nyingi zina ukijivu ndani yake. Kwa mtu mweupe ukijivu ule unaonekana kivuli, kwetu sisi unaonekana majivu. Tafuta kahawia iliyokolea, shedi moja au mbili kuzidi ngozi yako, basi. Mimi hata kivuli nimeacha kuchora. Napaka konsila, ile krimu ya kuficha madoa, yenye rangi nyeupe kidogo kuliko ngozi yangu, chini ya macho na juu ya mfupa wa shavu, pembeni panajitia giza penyewe.

mama_poda
Na joto la Dar mmelisahau? Krimu peke yake ukumbini, ndani ya saa mbili tu imeshateremka shingoni. Lazima upitishe poda kidogo juu yake, na hapo ndipo ya mshazari inapofanya kazi. Krimu kwanza, poda baadaye. Ukigeuza, inaganda vipandevipande.

kaka_mpole
Nimesoma mpaka hapa. Nilikuwa natafuta brashi ya kupaka ukuta.

mama_poda
Karibu kaka, tofauti ni ndogo.

fundi_wa_maharusi
Binti, hayo maneno ya orijino achana nayo. Ipitishe nyuma ya kiganja mara kadhaa, ikimwaga nywele irudishe. Tikisa kile kichuma kinachoshika nywele, kikicheza irudishe. Na ukiiosha, kichwa kitazame chini, uilaze ikauke. Maji yakiingia kwenye kichuma, gundi inaachia.

binti_temeke
Nimenunua bapa, na krimu nimebadilisha, nimechukua ya kahawia kama alivyosema mweusi_tii. Leo jioni nimejaribu: shavu la kushoto brashi, la kulia sponji, sikumwambia mtu. Mama kanitazama wakati wa chakula, kaniuliza mbona nimekonda upande mmoja.

tanga_kwetu
Upande gani?

binti_temeke
Kushoto.