Darubini nyepesi ya kutembea nayo ukitafuta simba na fisi: 8x30, 8x42 au 10x42?

Mpanda_Ngong

Wakubwa, habari zenu. Naomba ushauri kabla sijatoa pesa.

Mimi ni mtu wa kutembea kwa miguu. Jumamosi nyingi niko mbuga ya Hell's Gate au milima ya Ngong, na mara mbili kwa mwezi humtembelea mjomba Kitengela, ambako ng'ombe wake hulisha karibu na upande wa kusini wa mbuga ya Nairobi, ule usio na ua. Ninaopenda kuwaona kuliko wote ni wanyama walao nyama: simba, fisi, bweha, hata tai. Babu alikuwa anatembea na bunduki begani enzi zile uwindaji ukiruhusiwa. Tangu 1977 mlango huo umefungwa hapa Kenya, na mimi hata sitaki ufunguliwe. Nataka kuwaona tu, niwaone vizuri.

Darubini niliyo nayo ni 10x50 ya zamani, inakaribia kilo moja. Nikifika kilomita ya sita shingo inauma, naitia kwenye begi. Mwezi uliopita pale Hell's Gate bweha alivuka njia mbele yangu, hatua thelathini hivi. Nilipomaliza kufungua zipu alikuwa ameshaingia kwenye vichaka vya leleshwa, nikabaki naangalia matawi yakitikisika.

Nimebakiza tatu: Nikon Monarch M7 8x30 (gramu 465 hivi), Nikon Monarch M5 8x42 (gramu 630), na Vortex Diamondback HD 10x42 (gramu 600 na kidogo). Bajeti yangu ni shilingi elfu arobaini, naweza kusukuma kidogo. Moyo unaniambia 10x, kwa sababu simba huwa mbali. Mnasemaje?

FundiLenzi

Karibu ndugu. Tuanze na hizo namba, maana wengi wanaziona kwenye boksi bila kujua zinasema nini.

Namba ya kwanza ni ukuzaji. Simba aliye mita 400, kwa 8x unamwona kana kwamba yuko mita 50, na kwa 10x kana kwamba yuko mita 40. Hizo mita kumi ndizo tofauti yote unayoinunua. Namba ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Gawanya ya pili kwa ya kwanza, upate upana wa duara la mwanga linaloingia jichoni: 8x42 ni 5.25, 10x42 ni 4.2, 8x30 ni 3.75.

Kumbuka pia kwamba 10x hukuza kila kitu, pamoja na mtetemeko wa mikono yako. Mtu aliyetoka kupanda mlima, moyo unadunda, anashika 10x na simba anachezacheza ndani ya kioo. Ukisimama kwenye gari ukaegemeza viwiko dirishani, chukua 10x bila wasiwasi. Lakini umesema unatembea. Mimi ningeitoa hiyo Vortex kwenye orodha, si kwa ubaya wake, ni kwa kazi uliyoitaja.

MamaKarura

8x30, mwanangu, usijisumbue. Mimi nimetembea nikitazama ndege miaka mingi, msitu wa Karura na zile Jumatano asubuhi tunazoanzia Makumbusho ya Taifa, na darubini nzuri ni ile iliyo kifuani muda wote. Hiyo M7 inakuonyesha upana wa mita 145 kwa umbali wa mita 1000. M5 8x42 ni mita 112. Mnyama anayekimbia, au tai anayepita juu ya miti, utampata haraka zaidi kwenye kioo kipana. Bweha wako angekuwa amepatikana.

Kitu kimoja: je, unavaa miwani? Kama unavaa, lazima ujaribu dukani ukiwa nayo. Darubini nyingine zinataka jicho likaribie sana kioo, na mwenye miwani anaishia kuona tundu dogo katikati na weusi pande zote. Kwa M7 8x30 nafasi kati ya jicho na kioo ni milimita 15 hivi, inatosha kwa shida kidogo. M5 8x42 ina zaidi ya 19, hapo mwenye miwani anapumua.

Olpul

Mimi ni wa huko huko Kitengela kwa mjomba wako, na nitampinga mama kwa heshima. Ndege huonekana asubuhi jua likiwa limetoka. Fisi na simba wa kwetu hawatoki saa hizo. Wanatoka wakati mifugo inarudi, jua limeshazama, na wewe unatazama korongo huku unahesabu ndama. Hapo ndipo ninapotaka kujua lile jiwe la kijivu kando ya mgunga ni jiwe au lina masikio. Darubini ndogo saa hiyo inakuonyesha kitu cheusi ndani ya weusi.

Wengi mnamjua Richard Turere, yule kijana wa kwetu aliyetengeneza taa za kufukuza simba baada ya kugundua kwamba wanaogopa mwanga unaotembea. Taa hizo zinalinda boma usiku. Lakini ile nusu saa kabla ya kufunga boma hakuna taa, kuna macho tu. Chukua 42.

FundiLenzi

Olpul amegusa penyewe. Duara la 5.25 likilinganishwa na la 3.75 linabeba mwanga karibu maradufu, mradi mboni ya jicho imefunguka vya kutosha kuupokea. Mchana mboni imejifunga milimita mbili au tatu, kwa hiyo hutaona tofauti hata kidogo. Ndiyo maana ukijaribu dukani saa saba mchana zote mbili zitang'aa sawa, na muuzaji hatakudanganya akisema ziko sawa. Tofauti inakuja giza likiingia. Na umri pia una neno lake: kijana mboni hufikia milimita 7 gizani, lakini wengi tuliopita miaka hamsini hatufiki hapo.

Hata hivyo, fikiria tunakoishi. Sisi tuko karibu na ikweta, jua linazama saa kumi na mbili na nusu hivi na halizami kwa mshazari kama Ulaya. Kutoka jua kuzama hadi kuhitaji tochi ni dakika ishirini na kidogo. Kwa hiyo gramu 165 zaidi unazibeba siku nzima kwa ajili ya dakika ishirini. Swali ni je, dakika hizo ndizo ulizozifuata? Kwa mama wa Karura, hapana. Kwa Olpul, ndizo zote.

Kijana_wa_Rongai

Samahani kuingilia. Si afadhali kununua spika ndogo ukapiga mlio wa ndama anayelia, fisi waje wenyewe? Nimeona video.

Renja_Mstaafu

Hapana kijana, na naomba unisikilize hadi mwisho. Watafiti hufanya hivyo kuhesabu simba na fisi: hupiga mlio wa mnyama aliye taabuni, wakakaa ndani ya gari na kuhesabu wanaofika. Wana kibali, wana gari, na hawarudii mahali pamoja ovyo kwa sababu wanyama huzoea na kuacha kuja. Wewe uko kwa miguu, umeita fisi kumi na simba wawili waje kula, na chakula chenyewe hakipo. Aliyepo ni wewe. Na karibu na makazi ya watu unakuwa umewasogeza kwenye boma la jirani. Acha kabisa.

Nirudi kwa mwenye mada. Nimetembea porini kwa kazi, na ushauri wangu ni wa matumizi kuliko wa kununua.

Kwanza, kwa anayetembea, darubini ni ya nyati kabla ya kuwa ya simba. Kabla hujaingia kichaka chochote, simama, kisome kwa kioo kutoka kushoto kwenda kulia, taratibu, chini ya matawi. Usitafute mnyama mzima, hutamwona. Tafuta mstari wa mgongo uliolala mahali ambapo kila kitu kimesimama. Tafuta sikio linalocheza. Simba aliyelala kwenye nyasi za uwanda wa Athi anaonekana kwa masikio tu, duara mbili zenye weusi kwa nyuma.

Pili, saa sita mchana kule uwandani hewa inacheza kama maji juu ya moto. Hapo 10x inakukuzia mawimbi. Nimeona vijana wakibishana kama ni duma au ni digidigi, kumbe ni kisiki. Kaa kivulini mpaka saa kumi.

Tatu, ukitaka kutuliza mikono, usishike darubini katikati. Keti, weka viwiko magotini, ushushe ukingo wa kofia juu ya darubini na uukamate pamoja nayo kwa vidole. 8x ikishikwa hivyo inatulia kuliko 10x ya mtu aliyesimama.

Mteja_Aliyeungua

Naongeza onyo. Mwaka juzi nilinunua darubini katikati ya mji, siitaji duka. Imeandikwa namba za ajabu, 10 hadi 180 kwa 100, lenzi nyekundu kama rubi. Nilipima lenzi za mbele kwa rula nyumbani: hazikufika hata milimita 40. Ule wekundu unarudisha mwanga nje badala ya kuuingiza, kila kitu kilikuwa na rangi ya kijani. Wiki ya tatu nikaanza kuumwa kichwa kila nikiitumia. FundiLenzi ndiye aliyenielekeza kwamba mapipa mawili hayakuwa yanatazama mahali pamoja. Pesa iliisha hapo.

FundiLenzi

Nakumbuka ile, pole tena. Basi niweke hapa jinsi ya kuzikagua, mtu asiungue tena.

Ishike darubini kwa urefu wa mkono, uielekeze mahali penye mwanga (usielekeze kwenye jua). Ndani ya kila kioo cha jicho utaona duara dogo jeupe. Liwe duara kamili. Likiwa na kingo zilizokatwa, kama sarafu iliyopigwa tupa pembeni, basi vioo vya ndani ni vya daraja la chini. Halafu tazama waya wa stima ulionyooka, uvute darubini polepole kutoka machoni. Waya upande wa kushoto na wa kulia ubaki kwenye usawa mmoja. Waya ukipanda upande mmoja, rudisha darubini mezani, hata wapunguze bei.

Ukishanunua, ilinganishe na macho yako. Ziba lenzi ya kulia kwa kiganja, tazama bango la mbali kwa jicho la kushoto, zungusha gurudumu la katikati mpaka herufi zikae. Sasa ziba ya kushoto, na bila kugusa gurudumu hilo, zungusha pete ya jicho la kulia mpaka herufi zile zile zikae. Weka alama kwa rangi ya kucha. Watu wengi wanalaumu kioo na hawajawahi kugusa pete hiyo.

Mpanda_Ngong

Nimerudi baada ya wiki tatu. Sikununua kwanza. Mwenzangu wa matembezi aliniazima M7 yake, na kupitia mtu wa hapa hapa nikapata M5 ya kujaribu. Ijumaa nikaenda nazo zote kwa mjomba.

Mchana FundiLenzi alisema kweli: sikuona tofauti, na M7 ilikuwa raha tupu, nilisahau kama nimeivaa. Kama ningeamua saa tisa ningechukua hiyo na mama angefurahi.

Saa kumi na mbili na dakika arobaini mbwa walianza kubweka kuelekea korongoni. Nikaketi kama Renja alivyosema, viwiko magotini. Kwa M7 niliona kitu kimesimama kwenye ukingo, kimegeukia kwetu, basi. Nikabadilisha. Kwa M5 mgongo ulikuwa unateremka kutoka mabegani kwenda nyuma, masikio ya mviringo. Fisi. Na kushoto kwake, mahali ambapo kwa M7 nilikuwa nimeapa ni nyasi, kulikuwa na wengine wawili wamelala. Nikampa mjomba. Alitazama kimya muda mrefu, kisha akasema kwa Kimaasai jambo ambalo vijana walilielewa kabla yangu, wakaenda kuvuta miiba kufunga lango. Dakika kumi baadaye hata M5 ilikuwa haioni kitu.

Nimechukua M5 8x42. Mama Karura nisamehe. Sasa nina shida moja: mkanda uliokuja nayo ni mwembamba, na kwa gramu 630 bado unakata shingo. Ile mikanda ya kifuani inayopita mabegani kama ya begi naipata wapi hapa mjini bila kuagiza nje?

MamaKarura

Umesamehewa, fisi watatu ni hoja. Usiagize chochote. Tafuta begi la shule lililochakaa soko la Gikomba, lenye mikanda mipana, ulipeleke kwa fundi viatu. Mwambie akate mikanda miwili, aishone ikutane mgongoni kwa umbo la herufi X, na mbele kila mmoja uishie na kibano cha plastiki. Akushonee ukiwa umesimama hapo, umevaa koti lako la kutembelea, ili darubini ikae chini kidogo ya mfupa wa kifua. Wangu una miaka sita. Na mwambie atumie uzi wa nailoni, ule wa pamba unaoza kwa jasho.

Olpul

Msalimie mjomba. Jumapili tukiwa sokoni nitataka kuitazama hiyo darubini.