Naomba ushauri: krimu asilia ya kusafishia uso inajitenga

Wakuu, habari zenu. Krimu hii haina sabuni; unaipaka usoni, unaifuta kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu. Kwa gramu 100: maji yaliyochemshwa 72, mafuta ya alizeti 20, nta ya nyuki 5, gliserini 3. Maji na mafuta yote yanapashwa hadi nyuzi 70 ndipo yanachanganywa. Ikishapoa, matone ya maji yanajitokeza pembeni mwa kopo.

Nahisi tatizo ni nta: peke yake haishikanishi maji na mafuta. Nibadilishe niweke emalsifaya (kiungo cha kushikanisha maji na mafuta) gramu 6, au niongeze muda wa kukoroga hadi ipoe kabisa? Na kihifadhi gani kinafaa kwa pH (kipimo cha uchachu) ya 5.5? Bila hicho itaota ukungu. Limau msinishauri jamani, linachoma ngozi.