Biskuti za tangawizi za kutundika kwenye mti wa Krismasi, huku Dar zitakaa kweli?

MamaPacha_Dar:
Wadau habari za jioni. Mwaka huu nataka mapambo ya mti tuoke wenyewe na wanangu, zile biskuti za tangawizi za nyota, mioyo na watu wadogo, tuzichore kwa aisingi nyeupe tuzifunge utepe. Sasa shida ni hili joto letu la Desemba, biskuti yoyote ukiiacha wazi kesho yake imelegea, je ikiwa inaning'inia si itakatika pale kwenye tobo idondoke? Nina oveni ndogo ya umeme. Naombeni mnaojua mnisaidie mapema maana watoto wameshaanza kuniuliza kila siku.

Mbongo_Ughaibuni:
Dada hongera kwa wazo, mi niko Ujerumani na huku kitu cha kwanza wanachokwambia ni kwamba biskuti ya kula na ya kutundika ni vitu viwili. Zile lebkuchen, biskuti zao za viungo za mji wa Nuremberg, zina lozi na njugu nyingi, laini, tamu sana ila ukizitundika zinaanguka. Ya mti inatakiwa ngumu. Chukua unga wa ngano gramu 350, siagi 125, sukari ya kahawia 175, yai 1, asali vijiko vikubwa 4, tangawizi ya unga vijiko vidogo 2, mdalasini kimoja na karafuu ya kusaga kidogo sana maana inatawala. Bekingi poda usitie kabisa, soda pia usitie, ndio zinazoivimbisha nyota ikapoteza ncha. Donge likae friji lisaa lizima, halafu sukuma kama chapati ila nene, milimita 5 hivi, kata, toboa kwa mrija wa soda mbali kidogo na ukingo. Oka nyuzi 170 dakika 12 mpaka 15, na zikitoka tu za moto rudia kutoboa kwa sababu tobo huwa linajiziba.

karafuu_pemba:
Hapo juu kasema vizuri ila kwa sisi wa pwani haitoshi. Asali na sukari zinavuta maji kutoka hewani ndo maana biskuti inalegea, kwa hiyo zikishaiva shusha moto mpaka nyuzi 100 uziache zikauke nusu saa au zaidi, kisha zima oveni zipoe humohumo. Aisingi ni ute wa yai 1, aisingi shuga kama gramu 220 na matone ya limau, chora, acha usiku mzima ikauke. Halafu mamaangu usizitundike tarehe mosi! Ziweke kwenye kopo linalofunga kabisa, tundika tarehe 24. Macho ya vile vijitu weka karafuu nzima, nyumba yote itanukia, ila zitoe kabla watoto hawajala.

Fundi_Keki_Moshi:
Mimi kwa Dar ningeenda na donge la chumvi, unga vikombe 2, chumvi 1, maji 1, mdalasini kwa ajili ya rangi na harufu, kausha oveni moto mdogo masaa kadhaa. Hayaliwi ila yanatunzika mpaka mwakani. Kama una mbwa tundika juu, chumvi nyingi hivyo ni hatari kwake.

MamaPacha_Dar:
Asanteni sana jamani. Ya chumvi hapana kaka, wanangu raha yao ni kuzishusha na kuzila siku yenyewe. Nitafuata ya kukausha nyuzi 100. Sisimizi je?

Mbongo_Ughaibuni:
Kula ni haki yao. Ila fahamu kuna wanaotunza, Croatia wana mioyo myekundu ya unga wa asali inaitwa licitar, wanatundika kwenye mti wa Krismasi, na ufundi wake UNESCO waliuweka kwenye orodha ya urithi mwaka 2010.

karafuu_pemba:
Sisimizi rahisi, ndoo ya mti iweke ndani ya beseni lenye maji, na matawi yasiguse ukuta wala pazia.