Mrejesho: mkate wa mahindi umeshikana, ila chini bado

Salamu jamani. Ni mimi niliyelalamika kwamba mkate wangu wa mahindi hubomoka kama mchanga, na chini huungua. Mkaniambia niloweke unga kwa maziwa ya mala, niongeze ngano, na nipunguze makaa ya chini.

Jumamosi nikajaribu. Kikombe 1 na nusu cha unga wa sima nikakiloweka kwa kikombe 1 na nusu cha mala, nusu saa. Hapo ndipo siri ilipokuwa! Zile chenga zilizokuwa zikisaga menoni zililainika, uji ukawa mzito. Ngano nikatia kikombe 1, maana mahindi peke yake hayana unato wa kushikana. Mayai 2, mafuta, sukari kidogo (mume wangu akataka zaidi, nikamnyima). Beking soda nusu kijiko cha chai niliitia mwisho. Ikikutana na ule uchachu wa mala inaanza kufanya povu papo hapo, kwa hivyo sufuria iwe ishapakwa mafuta tayari.

Nilipalia makaa mengi juu ya kifuniko, chini nikabakisha matatu tu. Dakika 40, kijiti kikatoka kikavu, na juu rangi ya dhahabu. Ulikatika vipande bila kumwagika.

Chini uliungua kidogo, nadhani kwa sababu ya upepo wa barazani. Mama mkwe alikwangua kwa kisu, akala na mchuzi wa samaki, akaniuliza kama kimebaki kipande.