Mrejesho: mkopo wa halmashauri kwa kikundi chetu cha wanawake

Wakuu, niliuliza kama ile asilimia 4 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo sheria ya Tanzania inawatengea wanawake, inapatikana kweli bila kujuana na mtu. Inapatikana, ila si kwa wepesi niliodhani.

Dada uliyeniambia nianze kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata kabla ya kugusa fomu, asante sana. Ndiye aliyeona kwamba katiba yetu ina kasoro, na kwamba akaunti ilikuwa kwa jina la mweka hazina badala ya kikundi (aibu yetu hiyo). Tukarekebisha, tukaandika upya andiko la mradi wa ushonaji.

Maombi ya kwanza yalikataliwa. Awamu iliyofuata tukapata, pungufu ya tulichoomba: cherehani za kawaida tumenunua, ya kudarizi bado. Riba hakuna, marejesho ni kila mwezi. Wenzetu wawili walijitoa walipoelewa kwamba hela haigawanywi mkononi. Afadhali walitoka mapema.

Ushauri wa kumlipa "mtu wa kusukuma faili" sikuufuata. Nililisukuma mwenyewe, kwa kwenda kuuliza kila wiki.