Mkono unakufa ganzi nikibeba mzigo, wakuu nishaurini

Mgumu_Machame: Habari za humu. Niko Moshi, napandisha mizigo ya kilo 20 mlimani. Tangu masika mkono wa kulia unakufa ganzi, vidole vinapauka na kuwa baridi. Nikitua mzigo unarudi. Ijumaa tunapanda. Dawa gani ya kuchua ni nzuri?

Kibosho1: Kilo 20 za kwenye mizani au zile zenu za kichochoroni? 😂

MamaMtori: Pole baba. Mume wangu alianza hivyohivyo, kumbe sukari. Alikuwa anabisha huyo! Mpaka kiatu kikamvuka njiani asijue. Kapime, na mbege upunguze.

Tabibu_Njaa: Ateri ya mkono ikitoka kifuani hupita juu ya ubavu wa kwanza, katikati ya misuli miwili ya shingo, nyuma ya mtulinga. Pale ni pembamba. Kuna watu huzaliwa na kaubavu ka ziada shingoni, kakaibana. Ulishapiga picha?

Mgumu_Machame: Mwaka jana. Walikaona hako kaubavu. Niliambiwa nirudi, msimu ukawa umechanganya.

Kibosho1: Sasa ndo unasema!

Mgumu_Machame: Na juu ya mtulinga kuna kitu kinadunda. Ila nimeshampa mzee mmoja wa Pasua elfu kumi na tano, kesho anakikanda. Kasaidia wengi, tusidharau.

Tabibu_Njaa: USIKANDWE HAPO. Ateri ikibanwa muda mrefu hutanuka mbele ya pale inapobanwa, damu inaganda humo, vipande vinashuka vidoleni. Nenda hospitali ya rufaa leo, ulizia daktari wa upasuaji wa mishipa.

Mzee_wa_Data: Chai hii. Ganzi, baridi, kaubavu, uvimbe unaodunda, kwa mpangilio kama mtihani! Mwanafunzi huyo. Sasa hivi atauliza matawi ya ateri yenyewe.

Tabibu_Njaa: Akiuliza namjibu: moja linapanda nyuma ya ubongo, jingine linashuka ndani ya kifua kando ya mfupa wa kidari, mengine tezi ya shingo na bega. Chai au si chai, asikandwe.

Mgumu_Machame: Mwanafunzi gani ana sugu begani? Kidole cha shahada kina kidonda cheusi nchani, wiki ya tatu hakiponi. Nilidhani ni baridi ya kambini.

MamaMtori: Yesu wangu. Mwanangu, shuka mjini sasa hivi. Hela ya mzee achana nayo.

Mgumu_Machame: Sawa mama. Ila Ijumaa jina langu limeshaandikwa.